Kahawa Yetu Isagwe Nyumbani Mwetu



Mkulima wa Kilema, wa Muleba au wa Mbinga huingia shambani mwake alfajiri. Hupalilia, hupogoa, huchuma matunda mekundu kwa mkono, moja moja, huanika, hugeuza, na mvua ikitisha hukimbia kufunika. Jioni huketi barazani kwake akanywa chai. Kahawa yake imekwisha kwenda chamani, kutoka chamani imekwenda mnadani, na kutoka mnadani imepanda meli. Akitamani kuionja, hana budi kwenda dukani kununua kikopo kidogo cha unga uliosagwa na mtu asiyemjua, siku asiyoijua, kwa buni asizozijua.

Hilo ndilo jambo tulilokusudia kulisema leo. Wako watakaocheka na kusema, "Nchi ina mambo makubwa, ninyi mwatuletea habari za kusaga kahawa!" Nasi twawajibu hivi: mambo makubwa ya nchi yana mizizi katika mambo madogo ya nyumba. Mtu asiyeonja zao lake hawezi kujua ubora wake, na asiyejua ubora wa mali yake hupunjwa mchana kweupe.

HAKI YA TATU

Wengi wetu tumefundishwa kwamba kahawa ni kinywaji cha Wazungu. Sivyo hata kidogo. Kabla Mjerumani hajakanyaga Bukoba, Wahaya walikuwa na kahawa yao. Waliyachemsha matunda pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, wakatafuna. Mgeni alikaribishwa kwa hiyo, na watu wawili walipochanjiana udugu waligawana punje mbili za tunda moja. Pwani nako, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, muuza kahawa na buli lake juu ya makaa, vikombe vikilia mkononi mwake, ni mtu wa zamani. Kahawa chungu na kashata vilitangulia mikahawa ya vioo. Tena barazani hapo, kwenye vikombe vile vidogo, ndipo wazee walipozungumza habari za nchi wakati ambapo kuzizungumza kwa sauti kulikuwa na hatari.

Ukoloni ulikuja na hesabu nyingine. Kahawa ya arabika ilipandwa Kilimanjaro na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na toka hapo amri ikawa moja: ilimwe hapa, inywewe huko. Kenya Mwafrika alizuiwa hata kuipanda, na kizuizi hicho kilianza kulegezwa katika miaka ya 1930 tu, tena kwa sehemu chache. Masetla wa Kilimanjaro walitaka Wachagga nao wazuiwe vivyo hivyo. Wachagga hawakukubali. Mwaka 1925 waliunda Kilimanjaro Native Planters' Association, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1933 ikafuata KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake kila mkulima analijua. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba, na wa Kilimanjaro pia, walipambana na serikali ya kikoloni kwa sababu ya kanuni za kulima kahawa na kuiuza.

Wazee hao walipigania haki ya kulima, wakaipata. Walipigania haki ya kuuza kwa pamoja, wakaipata. Haki ya tatu, yaani ya kukaanga, kusaga na kunywa, wametuachia sisi. Hakuna mkoloni anayetuzuia leo. Twajizuia wenyewe kwa mazoea.

ALIYESHIKA KINU NDIYE MWENYE FAIDA

Tutazame Ujerumani. Haina shamba la kahawa. Hata hivyo ni miongoni mwa nchi zinazouza kahawa iliyokaangwa kwa wingi nje ya mipaka yao. Tena serikali yake hutoza kodi ya Euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa inayouzwa nchini humo. Fikirini, ndugu: zao la jasho letu hujaza hazina ya nchi isiyo na mbuni hata mmoja kondeni, kwa kuwa kikaango na kinu viko kwao.

Jambo hili watawala wa huko walilijua zamani. Mwaka 1781 Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia aliwakataza raia kukaanga kahawa majumbani mwao bila kibali. Akaajiri askari wastaafu wapite mitaani wakinusa, na penye harufu ya kahawa ya siri wakamate. Mfalme alihangaikia nini vikaango vya raia? Alijua kwamba penye moto na kinu ndipo penye fedha.

Sisi hatuna mfalme wa kutunusa. Lakini mtu asiyelima kuliko na mnunuzi wa pili hulima kwa hofu. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa mwaka 1962 uliwagawia wauzaji mafungu ya mauzo ili bei isianguke. Mwezi Julai 1989 mpango huo wa mafungu ulivunjika, na bei ikaporomoka. Mwaka 2001 ikaanguka tena vibaya sana. Kilimanjaro wako wakulima waliong'oa mibuni waliyorithi kwa babu zao, wakapanda mahindi na nyanya. Bei ilikatwa London na New York, maumivu yakawa Machame na Rombo.

Sasa tutazame Ethiopia, nchi inayoongoza Afrika kwa kuvuna kahawa. Karibu nusu ya kahawa yao huinywa wenyewe. Je, wana mitambo ya ajabu majumbani? La hasha! Mama wa nyumba hukaanga buni mbele ya wageni, huzitwanga kinuni, huzichemsha katika jebena, yaani birika lao la udongo, na wageni hunywa raundi tatu. Bei ya ng'ambo ikianguka mkulima wa huko huumia, ndiyo, lakini anaye mnunuzi mwingine, naye ni jirani yake. Kwetu sehemu iliyo kubwa kabisa ya kahawa huondoka nchini ikiwa mbichi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walisema. Mtegemea soko la mbali peke yake naye asitarajie usingizi.

KWA NINI TUSISUBIRI UNGA WA KIKOPO

Mtu atauliza: si nitanunua tu kahawa yetu iliyokwisha sagwa, nikawa nimetimiza wajibu? Kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka kilijengwa Bukoba tangu miaka ya 1960, nacho kimeleta kazi na heshima. Hatukitukani. Msafiri na mtu mwenye haraka wanahitaji kikopo. Lakini nyumbani, ambako watu huketi pamoja, ziko sababu tatu za kusaga wenyewe.

Kwanza ni ladha. Buni iliyokaangwa ina mafuta yenye harufu, na ndani yake imefungwa hewa ya ukaa iliyotokana na moto. Mradi buni ni nzima, vitu hivyo hutoka polepole, nayo hukaa wiki kadhaa ikiwa bado njema. Ukiisaga, umefungua milango elfu kwa pamoja. Hewa ya nje huingia kila upande, harufu hupotea, mafuta huanza kuchacha, na baada ya siku chache tu umebaki uchungu na rangi. Watu wengi wasemao hawapendi kahawa hawajapata kuinywa. Wamekunywa mabaki yake.

Pili ni uaminifu. Buni nzima hata mtoto aweza kuzikagua. Humwaga kwenye ungo akaona zilizotobolewa na wadudu, zilizoungua, zilizovunjika, na mawe. Unga haukaguliki. Ukichanganywa mahindi yaliyokaangwa sana, anayejua ni aliyesaga peke yake. Ulaya yenyewe walikunywa kwa miaka mingi unga uliotiwa mizizi ya chikori. Mnunuzi wa buni nzima humlazimisha muuzaji kuwa mkweli.

Tatu ni kwamba kila pishi lina usagaji wake. Kahawa ya kuchemsha bulini hutaka unga laini kabisa, karibu na unga wa ngano. Kahawa ya kuchuja kwa kitambaa hutaka chenga ndogo kama sukari. Ile ya birika la kioo lenye kichujio cha kusukuma chini hutaka chenga kubwa, kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Kikopo cha dukani kina usagaji mmoja, nawe huna la kufanya. Anayesaga mwenyewe hupima kwa ulimi wake: kahawa ikiwa nyepesi na chachu, saga laini zaidi, ikiwa chungu ya kukunja uso, saga chenga kubwa zaidi.

KUCHAGUA CHA KUSAGIA

Sasa tufike kwenye kinu chenyewe, maana fedha za mwananchi hazipatikani kwa urahisi na haifai azitupe.

Kinu na mchi. Hiki kiko karibu kila nyumba, na kwa kahawa ya buli hakina mpinzani kwa bei. Masharti yake ni machache. Kinu cha kahawa kiwe cha kahawa tu, kwa maana mti hunywa harufu, na kilichotwangia vitunguu saumu jana kitakunyweshea vitunguu saumu leo. Iliki na tangawizi kavu hazina ubaya, hao ni jamaa zake. Twanga kidogo kidogo, chekecha, kisha rudisha chenga kinuni. Udhaifu wa kinu ni kwamba hutoa unga na chenga pamoja. Chekeche ndiyo dawa.

Mashine ya visu, pamoja na kile kikombe kidogo cha blenda. Hii imeenea sana mijini. Tuseme kweli: haisagi, inakata. Kisu hukipiga kipande kilicho karibu nacho mara kumi na kukiacha cha mbali kizima. Matokeo yake ni vumbi na mapande katika kikombe kimoja. Vumbi hutoa uchungu, mapande hutoa uchachu, na mnywaji hupata ubaya wa pande mbili. Tena ikizungushwa muda mrefu hupata moto na kufukuza harufu. Aliye nayo asiitupe. Aitumie kwa kahawa ya kuchemsha, atie buni chache, abonyeze kwa vipindi vifupi, atikise kila mara, kisha achekeche. Lakini asiye nayo asinunue hiyo kwa ajili ya kahawa.

Mashine ya mkono yenye meno. Hii ndiyo tunayoisifu. Ndani yake mna meno mawili ya duara: moja limetulia, la pili huzunguka unapozungusha mkono. Buni hupita katikati, na haiwezi kutoka mpaka imekuwa ndogo kama nafasi iliyopo. Kwa hiyo chenga hukaribiana ukubwa. Skrubu hupunguza au huongeza nafasi hiyo, nawe wapata unga au chenga upendavyo. Haitaki umeme, na hili si jambo dogo. Umeme ukikatika, kahawa haikatiki. Gramu 20 za buni husagwa kwa muda wa dakika moja au mbili, kazi aiwezayo mtoto wa shule.

Kabla hujalipa, ikague hivi. Shika ile fimbo ya chuma ya katikati, uitikise. Ikiyumba, meno hayatakutana sawasawa, basi irudishe kwa mwenyewe. Tazama meno: ya chuma cha pua hudumu na huvumilia, ya kauri hayapati kutu lakini jiwe moja lililojificha katika buni laweza kuyavunja. Mkono wa kuzungushia uwe mrefu kiasi, maana mfupi huchosha. Skrubu ishike pale ulipoiweka, isilegee yenyewe unaposaga. Mwisho, uliza kama yafunguka kwa kusafishwa. Mashine isiyofunguka hukusanya mafuta yaliyochacha, na baada ya miezi michache itaharibu hata kahawa iliyo bora kabisa. Muuzaji akikataa usiifungue, huyo anakuuzia boksi. Omba pia asage punje chache mbele yako, umwage kwenye karatasi nyeupe. Macho yako yatakwambia kama chenga zinafanana.

Mashine ya umeme yenye meno. Ni nzuri, na kwa hoteli, ofisi na mkahawa inafaa. Kwa nyumba ya kawaida ni gharama isiyo ya lazima. Usikope kwa ajili yake.

Utunzaji ni rahisi. Meno ya chuma yasioshwe kwa maji. Yafutwe kwa brashi kavu kila wiki. Buni zikae katika chombo kinachofunga barabara, mbali na jiko na jua, hasa pwani ambako hewa ina unyevu. Nunua robo kilo, ukiisha nunua nyingine. Saga unayokunywa sasa, si ya kesho. Kipimo ni kiasi cha gramu 60 kwa lita moja ya maji, kisha kila mtu apunguze au aongeze kwa mapenzi yake.

WENYE MASHAKA

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya mabwana wa mjini, yenye kuiga Ulaya. Ndugu hao wamegeuza mambo. Kuiga ni kuuza buni na kununua kikopo. Mama anayetwanga kahawa kinuni mwake hamuigi mtu, na mashine ya meno si kitu kigeni kwa watu ambao bibi zao walisaga mtama kwa jiwe juu ya jiwe. Kanuni ni ile ile.

Wako pia watakaosema kwamba mkulima ni maskini mno asiweze kunywa mali yake, bora aiuze yote. Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Hakuna anayemwambia mkulima anywe gunia. Kilo chache kwa mwaka hazimfilisi, na zinampa kitu ambacho mnunuzi anacho naye hana: elimu ya ladha. Mnunuzi huonja kahawa kabla ya kutaja bei. Mkulima asiyeonja hupokea bei kama mtu anayesomewa barua kwa lugha asiyoijua.

Wala hatusemi kwamba kinu kimoja kitapandisha bei mnadani. Kinu kimoja hakipandishi kitu. Lakini nyumba za mijini, maelfu kwa maelfu, zikinunua buni nzima za wakulima wetu, hilo ni soko, tena ni soko lisilovuka bahari. Haba na haba hujaza kibaba.

LA KUFANYA

Basi twataka nini? Twataka mambo manne, na yote yamo katika uwezo wetu.

Kila nyumba yenye kinu ianze na kinu, mwezi huu, bila kungoja mashine. Yenye nafasi kidogo inunue mashine ya mkono ya meno, na majirani wawili watatu waweza kuchanga wakaitumia kwa zamu.

Vyama vya msingi vya ushirika vione soko la ndani kama soko, si kama takataka. Buni zinazobaki nchini zisiwe zile tu zilizokataliwa ng'ambo. Zikaangwe vizuri, zifungwe kwa robo kilo, na kwenye mfuko liandikwe jina la kijiji na tarehe ya kukaangwa. Mtu wa Tanga au wa Dodoma ajue anakunywa kahawa ya nani.

Mafundi wetu, na SIDO iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, watutengenezee mashine za mkono. Mashine nyingi zilizo madukani hutoka ng'ambo. Si haki tulime kahawa, kisha tuagize hata kitu cha kuisagia. Watu waundao mashine za kukoboa na kusaga mahindi hawawezi kushindwa na meno mawili na skrubu moja.

Nne, na hili ni letu wanachama hasa. Katika mikutano ya matawi yetu hutolewa soda. Kuanzia sasa na itolewe kahawa, iliyosagwa pale pale na vijana wa tawi, ikanukia ukumbi mzima kabla mwenyekiti hajafungua kikao. Chama kinachohubiri kujitegemea huku kimeshika chupa ya soda kina kazi ya kujieleza.

Wazee wetu walidaiwa ujasiri ili wapande mbuni na wauze buni. Sisi tunadaiwa dakika mbili za kuzungusha mkono. Deni hilo ni dogo, ndugu zangu. Tulilipe.

Uhuru na Umoja!